Bega linakaza kwa kubangua korosho, nifanyeje?

Mbanguaji, Newala
Habari zenu wapendwa. Nabangua korosho kutwa, mkono wa kulia kwenye mpini wa mashine. Ikifika alasiri bega limekaza hadi shingoni, hata kugeuka kumwita mtoto ni shida. Nikichua kwa mafuta ya nazi linatulia, asubuhi linarudi palepale. Nifanyeje?

Fundi cherehani, Mikindani
Pole sana dada yangu. Angalia meza kwanza! Ikiwa juu ya kiwiko, unafanya kazi umepandisha bega bila kujua, na msuli uliokazwa muda mrefu haupati damu ya kutosha. Mimi niliongeza mto kitini, mabega yakashuka. Kila ukimwaga maganda, pandisha mabega hadi masikioni ukivuta pumzi, kisha yaachie yadondoke.

Muuguzi, Lindi mjini
Kweli kabisa. Jioni kanda kwa kitambaa cha maji ya moto, dakika 15. Ukiona ganzi vidoleni au mkono kukosa nguvu, nenda zahanati. Bega likiuma pamoja na kifua kubana, usisubiri kukuche.

Mbanguaji, Newala
Asanteni mno. Meza inanifika kifuani! Kesho namwita seremala apunguze miguu.