Mtoto wa farasi analegea na kuzimia nikimshika. Ni ugonjwa au usingizi tu? Msaada wa haraka

Saisi wa Usa
Wakuu, habari za mchana. Nafanya kazi kwenye mabanda ya farasi huku Usa River, Arusha. Bosi yuko safarini, simu inaita tu. Daktari tuliyemzoea kasema hawezi kufika mpaka kesho mchana.

Usiku wa kuamkia jana, saa saba, poni wetu amezaa mtoto wa kike. Alisimama baada ya saa moja na nusu hivi, akaanza kutafuta ziwa. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe kabla ya saa kumi. Nikasema alhamdulillah, nikaenda kulala.

Leo asubuhi nilimkumbatia nimpake dawa ya kitovu, mkono mmoja kifuani, mwingine nyuma ya mapaja, kama tunavyowashika siku zote. Akalegea. Kichwa kikaning'inia, miguu ikajikunja, uzito wote ukaniangukia. Nikajua amenifia mikononi. Nilipomlaza kwenye majani makavu akafumbua macho, akainuka kama hakuna kilichotokea. Nikarudia, ikawa vilevile. Na tangu saa sita mchana analala sana, hata mama akimsukuma kwa pua anachelewa kuamka. Nifanyeje?

Kijiwe Nongwa
Anazimia akikumbatiwa? Mbona hata mimi.

Mchungaji Mstaafu
Kijana, hicho ni kifafa. Mbuzi wangu alikuwa hivyohivyo, tukamnusisha kitunguu saumu, akapona.

Daktari wa Zizi
Mzee wangu Mchungaji, kitunguu tukiachie mchuzi. Saisi, umeleta mambo mawili ukayafunga kamba moja. Tuyafungue.

Kulegea akikumbatiwa ni kawaida kwa mtoto wa farasi wa siku za mwanzo. Tumboni anakaa kama aliyelala, kuna homoni zinazomtuliza, maana na miguu ile mirefu akianza kukimbia humo ndani atamwumiza mama yake. Ukimbana kifua na nyuma kwa pamoja, mwili unarudi kwenye usingizi ule. Profesa John Madigan wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliligeuza hilo kuwa tiba. Kuna watoto wanaozaliwa wamezubaa, hawamjui mama, wananyonya ukuta. Wanazungushiwa kamba kifuani na kubanwa kwa dakika 20 hivi, kama wanaopita upya kwenye njia ya uzazi. Wanalala, na kamba ikilegezwa baadhi yao huamka na kwenda moja kwa moja kunyonya. Usijaribu peke yako, tafadhali. Kama mbavu zilivunjika wakati wa kuzaliwa, utammaliza.

Usingizi wa mchana huu ndio unaonitia wasiwasi. Joto lake ni ngapi? Ananyonya mara ngapi kwa saa? Kiwele cha mama kikoje? Nenda bandani ukaangalie, usinijibu kwa kukumbuka.

Mtoro wa Baridi
Niliwahi kutunza poni wa Shetland kule Uingereza. Tulikuwa na mtoto aliyeanguka kila akivishwa hatamu au akianza kula. Magoti yanakunjika, pua chini, kisha anaamka. Waliita narkolepsi, ugonjwa wa kusinzia ghafla. Poni hao wanajulikana nayo, na baadhi ya watoto huiacha wakikua. Poni wako ni wa damu gani?

Saisi wa Usa
@Mtoro wa Baridi ni mchanganyiko, damu ya Shetland imo, kwa maelezo ya bosi.

@Daktari wa Zizi shikamoo. Nimetoka bandani sasa hivi. Joto nyuzi 38.4. Kwa mama anakwenda mara nyingi, anaingiza kichwa chini, anakaa, anatoka, analala. Kiwele kimejaa vizuri, chuchu zinadondosha, maziwa anayo mengi, Mungu ashukuriwe. Mtoto ana chokaa imekauka kwenye paji la uso, nadhani amejisugua ukutani.

Daktari wa Zizi
Marahaba. Saisi, hiyo si chokaa. Ni maziwa.

Anafika chini ya kiwele lakini chuchu haishiki, maziwa yanamdondokea kichwani. Mtoto mzima wa umri huo ananyonya mara tano hadi saba kwa saa, na kiwele cha mama yake ni laini kwa sababu anakikamua mchana kutwa. Kiwele kilichojaa na kuvuja kinakwambia mtoto hanyonyi. Na joto lisikudanganye. Kawaida ni 37.2 hadi 38.9, lakini mtoto mwenye vijidudu kwenye damu anaweza kuwa na joto zuri, hata la chini.

Mtie kidole safi mdomoni. Anakivuta? Kama hakivuti, USIMNYWESHE maziwa kwa chupa akiwa amelala, yataingia mapafuni. Mfunike blanketi. Mpigie daktari umwambie hafyonzi. Ukisema "analala sana" atakuja kesho, na kesho ni mbali.

Mwana wa Langoni
Saisi, mimi niko Lamu, kwetu ni punda. Kihongwe akilala kupita kiasi, mfunue mdomo utazame ufizi, kisha weupe wa macho. Kukiwa na manjano usikimbilie kumpa maziwa ya mama. Nilipoteza mtoto wa nyumbu hivyo, nyumbu yule wa punda na farasi, si wa porini. Alizaliwa mzima akikimbia, akanyonya, kesho yake akaanza kusinzia, macho manjano.

Daktari wa Zizi
Mwana wa Langoni kasema kweli. Hapo dang'a ya mama, yale maziwa ya kwanza, inakuwa na kinga zinazoshambulia damu ya mtoto, na nyumbu wanapatwa zaidi. Manjano kwa huku kwetu yanaweza pia kuwa ugonjwa wa kupe, unaweza kupita toka kwa mama akiwa bado tumboni. Saisi, ufizi?

Saisi wa Usa
Manjano hakuna. Ufizi ni mwekundu kuliko wa mama yake. Kidole anakivuta mara mbili, anaacha. Nimempigia daktari kama ulivyosema. Amenyamaza kidogo, kisha akasema anawasha gari.

Kijiwe Nongwa
Mkuu, nafuta utani wangu. Tupe habari.

Saisi wa Usa
Saa nne usiku. Daktari yupo tangu saa mbili. Sukari ilikuwa chini, kamtundikia dripu. Kapima kinga kwenye damu, imetoka chini ya 400, anasema tulitakiwa kuwa na 800 kwenda juu. Akaniuliza kama mama alivuja maziwa kabla ya kuzaa. Wakuu, alivuja siku nne. Nilimwona, maziwa yanamchirizika miguuni, nikafurahi nikijua mwaka huu tuna mama mwenye maziwa. Kumbe dang'a yote ilikuwa inamwagika sakafuni.

Daktari wa Zizi
Usijilaumu sana, wengi hufurahi hivyohivyo. Dang'a ni ile ya kwanza tu, haitengenezwi mara ya pili. Utumbo wa mtoto nao unapokea kinga zile saa za mwanzoni, na siku ya kwanza ikiisha mlango umefungwa. Jike akivuja kabla ya kuzaa, tafuta dang'a ya jike mwingine mapema, au umwite daktari apime mtoto akiwa na saa 18 hadi 24. Sasa hivi hata ukimpa ndoo nzima haisaidii, inabidi kinga iingie kwa mshipa.

Saisi wa Usa
Ndicho alichofanya. Alitoa damu kwa dume wetu aliyehasiwa, akaiacha ituame, akachukua yale maji ya juu yenye rangi ya chai nyepesi, akamtundikia polepole. Na antibayotiki za aina mbili. Maziwa yanapita kwenye mpira wa puani, kidogokidogo, kila saa moja. Nalala hapahapa bandani.

Mtoro wa Baridi
Kwa hiyo narkolepsi haipo?

Daktari wa Zizi
Kwa sasa sina sababu ya kuitaja. Akipona kabisa, akawa ananyonya na kucheza, kisha akaanza kuanguka mwenyewe bila kushikwa, hapo mpige video tuzungumze. Saisi, kila asubuhi mpapase viungo vyote vya miguu. Kikivimba hata kimoja, au akichechemea, usingoje.

Saisi wa Usa
Siku ya tano leo. Mpira umetolewa jana. Viungo viko sawa, nimepapasa vyote. Nikimkumbatia bado analegea, ila sasa akiamka ananipiga teke kwanza. Bosi amepiga simu hatimaye, nikamweleza yote, pamoja na zile siku nne. Kiwele laini. Paji la uso kavu tangu juzi.