Uchaguzi wa mwenyekiti AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima): tiki moja au tupange 1, 2, 3?

Mchai_Tukuyu: Wakuu habari. Chama chetu cha wakulima huku Rungwe kinachagua mwenyekiti, wagombea watano. Mara iliyopita kura ziligawanyika vibaya, akapita mtu ambaye wengi hawamtaki na mpaka leo watu wananuniana. Sasa vijana wanataka tupange kwa namba, 1 unayemtaka zaidi, 2 anayefuata, halafu wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia kwa wengine. Wazee wamegoma. Mnashauri nini?

Dada_Kihesa: Wasikilizeni wazee. Nimesimamia kura za vikoba hapa Iringa, watu hawaridhiki kwa kutangaziwa, wanaridhika kwa kuona. Karatasi inanyanyuliwa, jina linasomwa, mstari unachorwa ubaoni, bibi asiyejua kusoma anahesabu pamoja na wewe. Ukianza kuhamisha kura raundi ya pili ya tatu, halafu aliyeongoza mwanzo akashindwa mwishoni, ukoo wake nani atauelewesha? Enzi za chama kimoja, kuanzia 1965, wagombea ubunge walipewa alama za jembe na nyumba ili asiyesoma achague mwenyewe bila kushikwa mkono.

Ticha_Mafinga: Dada nakuheshimu ila tusiwaone wakulima hawawezi moja mbili tatu. Australia wanapanga hivyo tangu 1918. Na Scotland 2007 walichagua bunge na madiwani siku moja, kura za bunge zaidi ya 140,000 zilikataliwa, wengi wakalaumu namba, kumbe karatasi ya madiwani yenye namba iliharibika kidogo kuliko ya bunge ya kuweka X, maana pale walibananisha kura mbili kwenye karatasi moja watu wakachanganyikiwa.

Dada_Kihesa: Kupanga wataweza ticha, mimi naongelea kuhesabu. Kama wanachama wanapigia kura vijijini kwao, kura za namba huwezi kujumlisha kijiji kwa kijiji ukamaliza, lazima karatasi zote zikutane sehemu moja au msubiriane kwa simu kila raundi ndio ujue anatoka nani. Sanduku likishapanda bodaboda usiku maneno hayaishi!!

Uyole_Juu: Mbona kuna njia nyingine, kila mtu aweke tiki kwa wote anaowakubali, awe mmoja au watatu, mwenye tiki nyingi anapita. Ubao ni uleule na vijiji vinajumlisha tu. Fargo kule Marekani waliipitisha 2018 kwa uchaguzi wa mji wao, wakaitumia mpaka jimbo lao lilipoipiga marufuku 2025. Kasoro ipo, unayempenda sana na unayemvumilia wanapata sawa, na wapo watakaoweka tiki moja tu kumlinda mtu wao. Lakini aliyeshindwa anasimama mbele ya ubao anahesabu mwenyewe, na kwa chama ambacho watu bado wamenuniana naona hilo ndo kubwa kuliko yote.

Mchai_Tukuyu: Asanteni sana, hii ya tiki naipeleka kikaoni, ila kwanza nipitie masharti ya chama na afisa ushirika yanaruhusu nini. Na wakifungana?

Uyole_Juu: Rudieni hao waliofungana peke yao, sikuhiyohiyo, watu hawajatawanyika.