Nimezaliwa hapa lakini si mzawa wa hapa. Wenzetu wa jamii asilia wanataka nini kwetu?

kizazi_cha_tatu:

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo kwa hili jambo maana wiki ya pili sasa silali vizuri. Babu yangu ndo alihamia hii nchi, baba akazaliwa hapa, mimi nikazaliwa hapa na wanangu pia, sina sehemu nyingine ya kuita kwetu. Ardhi tunayoishi ilikuwa ya watu wa asili kabla hata serikali haijakuwepo na hao watu bado wapo, wachache lakini wapo, tumesoma nao tunafanya nao kazi.

Juzi ofisini tulikuwa na kikao, na kama kawaida kabla ya kuanza bosi akasoma ile karatasi ya kuwatambua na kuwashukuru wenye asili ya ardhi hii, dakika moja tu, watu wakainamisha vichwa alafu tukaendelea na ajenda. Kikao kimeisha, dada mmoja ambae ni wa jamii hio akanisogelea akaniambia taratibu, "mnatushukuru kwa kitu ambacho hatukuwapa." Nikakosa la kusema. Kilichonitoka ni kwamba mimi sijamnyang'anya mtu ardhi, babu yangu alikuja na begi moja mkononi. Akajibu "najua," akaondoka. Tangu siku hio salamu zetu ni za juu juu na inaniuma kwasababu huyu dada ni mtu ninaemheshimu sana.

Maswali yangu: kosa langu mimi ni lipi hasa? Wakidai ardhi maana yake sisi tuondoke? Na mtu wa kawaida asie na cheo anaweza kufanya nini? Tafadhali sitafuti maneno ya kunifariji.

---

mzee_wa_mahakama:

Ndugu mleta mada, nianze na hilo la kuondoka kwasababu ndilo linalowatia watu hofu na hofu hio imeharibu mazungumzo mengi sana.

Tarehe 13 Septemba 2007 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili. Nchi 144 zilikubali, 11 hazikuegemea upande, na nne zilikataa. Hizo nne ni Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, yaani zote ni nchi ambazo wahamiaji walikuja wakawa wengi kuliko wenyeji. Baadae zote nne ziligeuza msimamo. Ukilisoma hilo azimio hutakuta popote pameandikwa wageni wafukuzwe, na ibara ya 46 imesema kabisa kwamba lisitumike kuigawa nchi. Wanachokiomba kwa msisitizo ni kwamba wasihamishwe kwa nguvu, na serikali kabla ya kufanya jambo kwenye ardhi yao itafute ridhaa yao ya hiari, mapema, wakiwa na taarifa kamili.

Mfano wa Australia. Mwaka 1992 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Eddie Mabo, mtu wa asili wa visiwa vya Torres Strait, ikaitupilia mbali ile dhana kwamba Waingereza walipofika ile ardhi haikuwa ya mtu. Watu waliingiwa na hofu, wakaambiwa nyumba zenu zinaenda. Hakuna alienyang'anywa nyumba, maana sheria ilikuwa wazi kwamba ardhi ambayo ishatolewa kwa mtu binafsi kwa umiliki kamili haiguswi, kilichobaki cha kudai ni ardhi ya serikali na maeneo ya aina hio. New Zealand nayo ni hivohivo. Pale kuna Baraza la Waitangi tangu 1975 linalosikiliza malalamiko ya Wamaori, watu wa asili wa pale, kuhusu mkataba wao wa 1840 na Waingereza, na serikali ndio inayolipa fedha, kurudisha ardhi ilioko mikononi mwake na kuomba radhi kwa maandishi, shamba la jirani yako haliingii kwenye hayo malipo. Kwahio nyumba yako ipo salama mkuu. Deni ni la serikali, ila wewe ni raia wa hio nchi na kura unapiga, hapo ndo unapohusika.

---

binti_wa_msitu:

Kaka mimi natoka jamii ya namna hio, sitasema wapi. Nimesoma ulichoandika mara mbili na nimeona huna nia mbaya, ndomana najibu.

Umemjibu dada yako swali ambalo hakuuliza. Hakusema wewe mwizi. Alikueleza inavyouma kukaa kwenye kiti ukisikia watu wanashukuru kwa niaba yako, alafu ajenda namba mbili ni mradi kwenye ardhi ileile na hakuna aliekuuliza chochote. Sisi tumeshukuriwa sana, tumepigwa picha sana, tukavalishwa tukacheza ngoma mbele ya wageni wa heshima. Kuulizwa ndo bado.

Alafu watu wakisikia "ardhi" wanawaza hati na bei ya kiwanja. Kwetu ukiondolewa pale umeondolewa pia kwenye makaburi, kwenye dawa, kwenye majina ya vijito ambayo ndani yake ndo historia imehifadhiwa, na lugha inakosa pa kuzungumziwa. Mimi bibi yangu alikuwa na majina ya kila kona ya mto, mama anajua nusu yake, mimi nayajua manne. Wanangu sijui.

Na usidhani ni mambo ya zamani sana. Kanada zaidi ya watoto 150,000 wa jamii asilia walipelekwa shule za bweni zilizoendeshwa na serikali pamoja na makanisa, wakakatazwa lugha zao, wengi wakateswa na wengine hawakurudi nyumbani kabisa. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, maana yake waliosoma huko wengine leo hawajafika hata miaka 50. Tume ya ukweli na maridhiano ilimaliza kazi yake 2015 ikatoa miito 94 ya kuchukua hatua. Waziri mkuu alishaomba radhi tangu 2008. Mtu kukuomba radhi ni kitu kizuri, nalia kila nikiangalia zile video za wazee wakisikiliza, lakini mzee akirudi nyumbani akakuta maji ya bomba hayanyweki, ile radhi inaishi wapi?

---

sinaUpande77:

Heshima kwenu wote, ila naomba niseme kitu ambacho huenda hakitapendwa. Hili neno mzawa lina hatari zake na tusijifanye hatuzioni.

Angalieni Fiji, ile nchi ya visiwa kule bahari ya Pasifiki. Waingereza walibeba Wahindi kama 60,000 kati ya 1879 na 1916 kwenda kulima miwa kwa mikataba ya kikoloni, watu masikini wasiojua hata wanapelekwa wapi. Wajukuu wao wamezaliwa pale, lakini zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ni ya koo za wazawa kwa sheria, wao wanakodi tu. Mwaka 1987 ilipochaguliwa serikali ambayo Wahindi walikuwa na sauti kubwa, jeshi likaipindua kwa kusema linalinda haki za wazawa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mikataba ya kukodi mashamba ikaanza kuisha na familia nyingi zikatoka kwenye mashamba waliyolima miaka nenda rudi. Maelfu walihama nchi. Sasa hao walimkosea nani? Mleta mada akiuliza kosa lake ni lipi nadhani ana haki ya kuuliza.

Alafu Afrika je? Huku karibu kila mtu anajiita mzawa. Ukianza kuhesabu nani alitangulia hutafika mwisho, utafika kwenye mapanga.

---

mzee_wa_mahakama:

@sinaUpande77 hoja yako ina uzito na ndio maana Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu haikuishia kwenye kuuliza nani alifika wa kwanza. Iliangalia zaidi jamii ambazo maisha yao yote yamefungamana na ardhi fulani na ambazo zimetengwa na kudharauliwa na mfumo wa nchi, ndo maana inazungumzia wawindaji, wakusanyaji matunda na asali, wafugaji. Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya ni Waafrika na walioondolewa na serikali ya Kiafrika. Mahakama ya Afrika pale Arusha iliwapa ushindi Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 157 na ushee na warudishiwe ardhi kwa hati ya pamoja. Serikali ilidai ni kulinda msitu. Mahakama ikaona kwamba uharibifu wa ule msitu haukuletwa na Waogiek. Hio hukumu utekelezaji wake ndo umekuwa kitendawili, Novemba 2023 bado watu walikuwa wanabomolewa nyumba.

Na kuhusu Fiji usisahau nani aliyapanga yale mambo. Mkoloni alichukua watu wawili, mmoja akampa ardhi bila soko na mwingine jasho bila ardhi, alafu akaondoka. Mei 2023 Sitiveni Rabuka, yuleyule aliepindua mwaka 1987, akiwa waziri mkuu aliwaomba radhi Wahindi wa Fiji hadharani.

---

binti_wa_msitu:

Mimi hilo la Fiji nalikubali bila kupindisha. Anaetumia uzawa wake kumpora mjukuu wa kibarua amefanya kilekile tulichofanyiwa sisi. Ila kaka usilitumie kutunyamazisha, maana sehemu nyingi hatuna jeshi wala kura. Australia wenzetu hawafiki hata 4 kwa kila watu 100, na Oktoba 2023 walipoomba tu chombo cha kutoa ushauri bungeni kiandikwe kwenye katiba, ushauri tu, kama asilimia 60 ya wapiga kura walikataa. Hapo nani wa kumuogopa mwenzake?

Na sio kila kitu ni kesi za zamani. Norway, nchi inayosifiwa na kila mtu, walijenga mitambo 151 ya umeme wa upepo kwenye malisho ya kulungu wanaofugwa na Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, kule Fosen. Mahakama ya juu ikasema 2021 kwamba vibali vimevunja haki zao, na mitambo ikaendelea kuzunguka, mpaka vijana walipoenda kukaa kwenye milango ya wizara 2023 ndo maridhiano yakaanza kupatikana. Umeme safi, kitu kizuri, lakini umepita juu ya mgongo wa watu walewale.

---

kizazi_cha_tatu:

Narudi baada ya siku nne. Asanteni sana, nimesoma kila neno, na wewe dada binti_wa_msitu umenigusa pale uliposema nilijibu swali ambalo sikuulizwa. Ni kweli. Nilijitetea mimi wakati yeye alikuwa anazungumzia kikao.

Jana nilimuomba tuongee wakati wa mapumziko. Nilimwambia samahani, nilikukatisha, nilitakiwa kusikiliza. Alinyamaza kidogo alafu akaniuliza kama nakumbuka ajenda namba tatu ya siku ile. Kwakweli sikukumbuka. Akanikumbusha ni ule mradi wa barabara na kwamba idara yetu ndo inatoa maoni kabla haujapelekwa juu, na jina langu lipo kwenye orodha ya watakaosaini. Akasema hataki nimpiganie, anataka tu nisome ripoti nzima kabla ya kuweka saini, na nikikuta sehemu inayosema jamii yake ilishirikishwa nimuulize yeye ni nani alieshirikishwa, lini, na kwa lugha gani.

Ripoti ina kurasa 140. Nimefika ya 62. Kwenye ukurasa wa 38 kuna sentensi moja, "wakazi wa eneo husika walifahamishwa." Kesho asubuhi naenda kumuuliza.