Tupeane uzoefu: wadudu wa maua ya ndani hapa Tanga mnawamalizaje?

Mtoto wa Ngamiani:
Wana Tanga, poleni na kaskazi. Maua yangu ya sebuleni yameingiliwa. Waridi la chungu lina vidoadoa vya njano majani mazima, na chini ya jani kuna utando mwembamba sana. Dada jirani yangu yeye analia na vitu vyeupe kama pamba kwenye kroton. Dukani kwa pembejeo kila nikiuliza naoneshwa dawa ya nyanya, nami nina watoto wanaotambaa humo humo ndani. Leteni mliyoyafanya yakafaa.

Asumini:
Huo ni utitiri, mwanangu. Chukua karatasi nyeupe, ligongegonge jani juu yake, utaona vumbi linatembea. Dawa ya nyanya ya nini? Utitiri si mdudu hasa, ni jamaa ya buibui na kupe, ana miguu minane. Dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu. Zinawaua wale wanaomla, yeye anabaki anajinafasi.

Mie chungu nakipeleka uani asubuhi, nakilaza ubavu, nafunga mfuko juu ya udongo usimwagike, kisha nawapiga kwa mpira wa maji *chini* ya majani. Watu wanaosha juu, wenyewe wamekaa chini wanawacheka. Jioni napuliza maji ya sabuni: kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jua likishazama, maana sabuni na jua pamoja vinaunguza jani. Baada ya siku tano narudia, na tena. Mayai hayafi kwa sabuni, na kwa joto hili la nyuzi 30 yai huwa mtu mzima kwa wiki moja hivi. Ukipuliza mara moja ukastarehe, umewapa likizo tu.

Fundi Stuli:
Huyo dada wa pamba aangalie sisimizi kwanza. Hivyo vyeupe ni vidung'ata. Vinafyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, sisimizi wanayanywa, na kwa malipo wanavilinda na kuvihamisha kutoka ua hili kwenda lile. Yale masizi meusi juu ya majani ni ukungu unaoota kwenye utamu huo.

Maji peke yake yanateleza, wale wamevaa nta. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa kimoja kimoja, hasa kwenye kwapa za majani. Jaribu jani moja kwanza, mengine hayapendi spiriti. Halafu weka chungu juu ya stuli, miguu ya stuli ndani ya vikopo vya maji, kama bibi zetu walivyofanya kabati la chakula. Sisimizi akikosa daraja, kazi yako nusu imekwisha.

Baba Mwarobaini:
Mnahangaika na Tanga nzima ina miarobaini! Kokwa zina nguvu kuliko majani. Gramu 50 za kokwa kavu, twanga, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike. Puliza jioni ile ile, usiweke akiba, jua na siku vinaiua nguvu. Usitegemee waanguke papo hapo. Inawakatisha kula na kujivua gamba. Harufu yake, lakini… mwenzangu chumbani amenipiga marufuku. Pulizia uani.

Mtoto wa Ngamiani:
Na maji ya tumbaku? Mzee mmoja kanishauri.

Asumini:
Yaache kabisa. Nikotini ni sumu inayopenya hata kwenye ngozi, na wewe una wanaotambaa. Tena tumbaku inaweza kubeba virusi vikahamia kwenye nyanya na pilipili zako za uani.

Wa Muheza:
Mimi nafuga violeti ya Usambara, ua la kwetu lililozunguka dunia. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi hizo, alipeleka mbegu kwao Ujerumani, na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia. Adui yake ni utitiri mwingine, mdogo hata jicho halimwoni. Majani ya katikati yanajibana, yanadumaa, yanaota manyoya mengi. Hapo mie sibembelezi. Naling'oa, nalifunga mfukoni, natupa, kisha nanawa mikono kabla sijagusa jingine. Ua lolote jipya kwangu linakaa peke yake wiki tatu barazani.

Mama Kopo:
Vijiinzi vyeusi vinavyoruka ukimwagilia? Punguza maji. Udongo wa juu ukikauka, funza wao hawana pa kukaa.

Fundi Stuli:
Kuna anayedhani akipanda sansevieria, ndugu ya mkonge wetu, amepona. Hebu panua majani yake pale shinani yanapobanana. Pamba hukaa humo, juu huoni kitu.