Kontena la kwanza la avokado za Hass kutoka Nakuru hadi Rotterdam kwa meli: mashine itapoza matunda njiani?

MkulimaSubukia

Habari zenu. Ushirika wetu wa Subukia na Bahati unajiandaa kupakia kontena la baridi la futi 40, avokado aina ya Hass, katoni za kilo 4, kwenda Rotterdam. Pakihausi (ghala la kupanga na kufungasha matunda) tunayotaka kukodi ina chumba cha baridi cha paleti 6 tu. Tumeambiwa tusijisumbue na kupoza: tupakie matunda yakishapangwa, tuweke mashine nyuzi 5, yatakuwa yamepoa kabla ya kufika Mombasa. Ni kweli? Na tundu la hewa lifunguliwe au lifungwe? Naomba vipimo kamili.

Baridi_Kilindini

Si kweli, na ushauri huo umeharibu makontena mengi. Mashine ya kontena imeundwa kushikilia baridi iliyopo. Kazi ya kutoa joto la shambani si yake. Tunda la saa nne asubuhi huingia pakihausi likiwa na nyuzi 20 hadi 25 ndani ya nyama. Ukipakia tani 21 katika hali hiyo, zitachukua siku kadhaa kushuka, na paleti za mlangoni ndizo za mwisho. Siku zote hizo tunda linapumua, linatoa joto lake lenyewe na gesi ya etilini, yaani limeshaanza safari ya kuiva. Kontena likifunguliwa utakuta matunda ya upande wa mashine ni magumu na ya mlangoni yanabonyea.

Poza kwanza, tena kwa hewa ya kulazimishwa. Panga paleti mistari miwili, acha njia katikati, funika njia hiyo kwa turubai juu na upande wa mwisho, kisha feni kubwa ivute hewa kutoka ndani yake. Hapo hewa baridi haina budi kupita kwenye matundu ya katoni. Paleti ikisimama tu chumbani bila feni ya namna hiyo, hupoa katoni za nje, za katikati zikabaki na joto la jana.

Usiamini kioo cha ukutani kinachoonyesha nyuzi za chumba. Chukua kipimajoto cha kudunga, toa katoni ya katikati ya paleti, dunga tunda mpaka karibu na kokwa. Likisoma nyuzi 6 au chini kidogo, pakia. Likisoma 11, rudisha paleti kwenye feni hata kama lori linangoja.

Chumba cha paleti 6 hakitoshi kontena la paleti 20. Zilizopoa zitakosa pa kungojea na zitapashwa joto na zinazoingia. Tafuteni chumba kingine, hata kama itabidi kuruka meli ya wiki hiyo.

Kuhusu nyuzi: 5 hadi 6. Matunda ya mwanzo wa msimu hayavumilii baridi kama yaliyokomaa sana, kwa hiyo msishuke chini ya 5. Baridi ikizidi, ganda hupata madoa meusi na nyama hugeuka kijivu, na hilo halionekani mpaka tunda liive mikononi mwa mteja.

Paleti20

Nakubaliana na yote hayo, ila lazima mpangilio ndani ya kontena uzungumziwe, maana tunda lililopozwa vizuri linaweza kuharibiwa na upakiaji mbaya.

Hewa baridi hutoka chini ya mashine, hupita kwenye mifereji ya sakafu, hupanda kupitia mzigo na kurudi juu karibu na dari. Hewa ni mvivu, itafuata njia rahisi. Paleti za mita 1 kwa 1.2 hupangwa 11 upande mmoja (ubavu wa mita 1 ukifuata urefu wa kontena) na 9 upande wa pili (ubavu wa 1.2). Jumla 20. Kila paleti katoni 264, yaani 12 kwa safu, safu 22, hivyo kontena zima ni katoni 5,280, kilo 21,120 za matunda. Kwa kuwa urefu wa ndani ni kama mita 11.6, mlangoni hubaki sakafu tupu ya zaidi ya nusu mita. Ifunikeni kwa kadibodi nzito. Mkiiacha wazi, hewa itatokea hapo, ipande mlangoni na kurudi kwenye mashine bila kugusa tunda. Na mzigo usivuke mstari mwekundu ukutani, unaoonyesha mwisho wa kupanga kwa juu.

Angalieni pia matundu ya katoni: ya chini na ya juu lazima yalingane safu hadi safu. Katoni zikipishana hata vidole viwili, njia ya hewa imeziba. Mbao za paleti ziwe na muhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kwenye mbao za vifungashio), kwa kawaida maana yake zimepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30.

Sasa tundu la hewa. Kontena la kawaida: fungua, mita za ujazo 40 hadi 60 kwa saa, ili etilini na kaboni dioksidi zitoke. Kontena la hewa iliyodhibitiwa: funga kabisa. Mpangilio unaotumika sana kwa Hass ni oksijeni asilimia 4 na kaboni dioksidi asilimia 6, na tundu likiachwa wazi mnalipia gesi inayotoka nje. Kwa sasa ningechagua hili la pili bila kusita. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimekuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzunguko huo huongeza siku 10 hadi 14.

MkulimaSubukia

Asanteni sana. Je, tuliwashe kontena mapema lipoe kabla ya kupakia?

Baridi_Kilindini

La, isipokuwa mlango wake unabana moja kwa moja na chumba cha baridi kwa pazia la mpira. Kama mnapakia kwenye hewa ya nje, ukuta uliopoa utatoa jasho, katoni zitalowa, na katoni iliyolowa hulala chini ya uzito wa safu 22. Zimeni mashine wakati wa kupakia, fanyeni haraka, fungeni, ndipo muwashe.

MbutaDunga

Kwa wenzangu wa Kisumu wanaosoma hapa: mzigo wa kugandishwa una kanuni tofauti, msinakili ya avokado. Minofu ya mbuta (sangara) igandishwe mpaka kiini kifike nyuzi 18 chini ya sifuri, na afadhali ipakiwe ikiwa 20 au 22 chini ili iwe na akiba. Tundu la hewa lifungwe kabisa. Katoni hazina matundu na hubanwa pamoja kama tofali, kwa sababu hewa inatakiwa kuuzunguka mzigo tu, isipite ndani yake. Mashine nayo huongozwa na hewa inayorudi. Kwa matunda huongozwa na hewa inayotoka, kwa hiyo ukisoma kioo jua unasoma ipi.

Minofu iliyoyeyuka ikagandishwa tena hujulikana: ganda jembamba la barafu limebanduka, na kwenye kona ya mfuko kuna barafu ya maji yenye rangi ya waridi.

Halafu kwenye fomu ya kuagiza kontena, andikeni neno "minus" kwa herufi pamoja na Selsiasi. Alama ya kutoa ikidondoka, samaki husafiri kwenye nyuzi 18 za joto.

Paleti20

Nyongeza ya barabarani. Nakuru hadi Mombasa ni kama kilomita 640, na mizani ya Gilgil, Mlolongo na Mariakani inaweza kula saa nyingi. Jenseti (jenereta inayoendesha mashine ya kontena barabarani) hunywa takriban lita 3 za dizeli kwa saa, basi jazeni tangi kwa safari ya siku mbili na dereva apige picha ya kioo kila anaposimama. Kabla ya kupokea kontena tupu, someni tarehe kwenye kibandiko cha ukaguzi wa mashine. Tangu Julai 2016 meli haipakii kontena lisilo na uzito uliothibitishwa, na cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS (shirika la serikali la ukaguzi wa mimea) kitoke kabla lori halijaondoka.

Wekeni vipimajoto vya kurekodi angalau vitatu: paleti ya kwanza karibu na mashine, ya katikati, na ya mlangoni, ndani ya katoni. Mwambieni mnunuzi kwamba akikuta hitilafu isiyoonekana kwa nje, taarifa ya maandishi imfikie mwenye meli ndani ya siku 3 tangu kupokea mzigo, na aombe rekodi ya mashine siku hiyohiyo.