Kwa nini nyimbo zangu za mtindo wa filamu za zamani zinachosha? Je, ninunue sintesaiza halisi?

Nondo_ya_Besi

Wakuu, salaam. Swali langu ni kwa wanaofuatilia huu muziki mpya wa kielektroniki unaofuata nyayo za filamu za miaka ya 1970 na 1980. Mimi nilinaswa na muziki wa Stranger Things (2016), ule wa Kyle Dixon na Michael Stein, nikarudi nyuma hadi kwa John Carpenter, mwongozaji aliyejitungia muziki wa filamu zake, na Tangerine Dream, bendi ya kielektroniki ya Kijerumani, na sasa sisikilizi kingine.

Natunga wa kwangu kwa kompyuta tu. Nina Surge XT, sintesaiza ya kompyuta ambayo ni bure, na programu moja inayoiga Juno-60, sintesaiza ya zamani ya Roland. Sauti zenyewe nazipata, hata watu wananisifu. Shida ni kwamba wimbo ukifika dakika ya pili mimi mwenyewe nauchoka. Kila kitu kinang'aa na hakuna kinachotokea. Wala si zangu pekee, nyimbo nyingi mpya za mtindo huu ninazopakua zinaniishia hivyohivyo. Rafiki yangu anasema dawa ni mashine halisi, eti osileta (visehemu vinavyozalisha sauti) za zamani zilikuwa zinapumua. Nidunduize pesa ninunue, au kuna kitu kingine kinanipita?

taa_za_neoni

Rafiki yako kasema kweli. Siku utakayoweka vidole kwenye sintesaiza halisi kama Prophet-5 utajua ulikuwa unacheza na picha ya chakula. Dunduiza mkuu.

kanda_kuukuu

Nondo, mkoba wako uache mfukoni kwanza.

Hilo la osileta kupumua lina ukweli, ila kwa Juno limegonga mlango wa jirani. Prophet-5 ya 1978 ina sauti tano (noti tano kwa wakati mmoja), kila sauti na osileta mbili zinazoendeshwa kwa volti, na hizo kweli huyumba, joto la chumba likibadilika tyuni nayo inahama. Juno-60 ya 1982 ina osileta moja tu kwa kila sauti, tena inadhibitiwa kidijitali. Haiyumbi. Unene wake karibu wote unatoka kwenye korasi, ile athari inayochanganya sauti na nakala yake inayoyumba kidogo. Zima korasi kwenye programu yako usikie kinachobaki. Hata kwenye mashine yenyewe hubaki hichohicho. Kwa hiyo ukinunua Juno ili wimbo upumue, utakuwa na wimbo uleule uliochosha, na deni juu.

Unachokikosa ni filamu. Sisemi mwangwi wala korasi ya filamu, nasema filamu yenyewe: mtu fulani, mahali fulani, jambo linalokuja. Wale wazee walitunga huku kitu kikiwasukuma. Carpenter amewahi kusimulia kwamba alimwonyesha mtu mmoja wa studio Halloween (1978) kabla haijatiwa muziki wala vishindo, na yule mtu hakuogopa hata kidogo. Alichokuja kuongeza ni kidogo mno: noti chache za piano zinazojirudia katika hesabu ya mapigo matano, hesabu aliyofundishwa na baba yake, mwalimu wa muziki, kwa bongo. Hakuna mahali pa kukaa katika lile pigo. Ukidhani limefika mwisho, limeshaanza tena. Ndiyo kazi yake, na kazi hiyo haihitaji sauti nzuri.

Sasa utaniambia, "Mimi sina filamu, nina kompyuta." Sawa. William Friedkin alipotaka muziki wa Sorcerer (1977), aliwapa Tangerine Dream hadithi iliyoandikwa, nao wakatunga bila kuona picha hata moja. Na Carpenter mwenyewe, mwaka 2015, akiwa na mwanawe Cody na Daniel Davies, alitoa Lost Themes, albamu ya muziki wa filamu ambazo hazipo. Watu wa mtindo wenu huu nao wote wanatunga kwa ajili ya filamu zisizokuwepo. Tofauti ni kwamba wengi hawajajisumbua hata kuibuni hiyo filamu. Wana bango lake tu: gari, mtende, jua la waridi. Bango huliangalii dakika tano.

Fanya hivi. Kabla hujagusa kinanda, andika tukio kwa mistari michache. Kwa mfano: mtu anafungua mlango wa gereji usiku. Anapapasa swichi. Taa haiwaki. Anasikia injini iliyokuwa imezimwa ikiwaka. Basi. Sasa kila kinachoingia kwenye wimbo kiwe na sababu ndani ya hiyo mistari. Besi inaanza mlango unapofunguka. Taa ikikataa kuwaka, usiongeze kitu, ondoa. Ngoma? Ngoma za nini, nani anacheza dansi gerejini? Utashangaa vitu vingapi vitakosa kazi, na wimbo utakavyojua wenyewe pa kwenda.

Halafu acha kunyoosha kila kitu kwenye gridi ya mapigo ya kompyuta. Wimbo mkuu wa The Terminator (1984) unachechemea kwa sababu Brad Fiedel alifunga mzunguko wa sikwensa (kifaa kinachorudia noti ulizokirekodia) kwa mkono na kitufe hakikupatia sawasawa. Akausikia, akaupenda, akauacha. Waliokaa kuuhesabu baadaye walikuta ni 13/16, yaani vipigo vifupi kumi na tatu kwa kila mzunguko. Kompyuta yako ingeusahihisha kabla hujausikia.

taa_za_neoni

Hapo kwenye Juno nakupa. Ila mzee, unataka kila mtu atunge muziki wa kuchinjia watu. Nightcall ya Kavinsky (2010) ina ngoma, ina kiitikio, watu wanaiimba, na filamu ya Drive ya 2011 ikaichukua ikaiweka kwenye majina ya mwanzo. Haina gereji wala nini. Na wasanii wa mtindo huu kina Perturbator na Carpenter Brut wamejaza ngoma mpaka pomoni, kumbi zinajaa. Nao hawajui filamu?

kanda_kuukuu

Wanajua sana. Perturbator ametoka kwenye magitaa ya metali, ngoma zile ni za kwao, na ukimsikiliza unaona mtu anakimbizwa. Na Nightcall mbona ina tukio zima? Ni usiku, mtu anampigia mwanamke simu, ana jambo zito la kumwambia, na mwanamke anajibu. Kaa ulisikilize lile besi lake, haliharakishi hata pale kiitikio kinapoingia. Sina ugomvi na ngoma. Nina ugomvi na snea (ile ngoma yenye mlio mkali) yenye mwangwi uliokatwa ghafla, ile iliyotapakaa kwenye pop baada ya Phil Collins mwaka 1981, kubandikwa juu ya kila wimbo kama muhuri wa kuthibitisha mwaka. Filamu nyingi tunazozitukuza hapa hata hazikuitumia.

Nondo_ya_Besi

Shukrani wote. Nimejaribu hilo la gereji jana usiku. Nimetupa ngoma zote na kodi (noti zinazopigwa pamoja) zilizokuwa zinajaza katikati, na kwa mara ya kwanza nimesikiliza hadi mwisho bila kuangalia saa. Lakini sasa kuna tatizo jipya: kilichobaki ni noti moja ndefu ya juu na besi, na ile noti ndefu imekaa tu kama imekufa. Hapo si ndipo mashine halisi ingenisaidia?

kanda_kuukuu

Hapo ndipo vidole vingekusaidia. Chukua Blade Runner (1982). Watu husifia Yamaha CS-80, sintesaiza ya mtunzi wake Vangelis, kwa unene, na kweli ni dude la zaidi ya kilo 80, lakini siri yake iko chini ya vitufe: kila kimoja kinahisi peke yake unavyokikandamiza. Vangelis akishika noti ndefu, hajamaliza kuipiga. Anaikandamiza, inang'aa, anailegeza, inafifia, huku ile ya pembeni imetulia. (Aliyetaka kusikia hayo kwenye albamu wakati ule alisubiri: ya 1982 ilipigwa upya na okestra, rekodi za Vangelis mwenyewe zikatoka 1994.)

Kama kinanda chako hakihisi mgandamizo, una gurudumu pembeni. Liunganishe na filta (inayong'arisha au kufifisha sauti) kwenye Surge, na kidogo sana na tyuni ya osileta moja tu. Piga noti yako kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto uwe kwenye gurudumu, halafu rekodi kwa mkupuo mmoja kuanzia mlango hadi injini. Usichore mistari kwa kipanya. Mwendo wa filta uliochorwa unajulikana, unapanda na kushuka sawasawa kila mara, na sikio linaubaini upesi.

taa_za_neoni

Na mwangwi aweke mrefu?

kanda_kuukuu

Kwenye noti ya juu, mrefu anavyotaka. Kwenye besi asiweke kabisa, la sivyo hatutasikia injini ikiwaka.