Naomba ushauri: baba halali usiku kwa kufuatilia vita vya Ukraine

Mwana wa Buzebazeba (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Ninaishi Kigoma mjini pamoja na baba yangu mzazi, mstaafu wa reli, na ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa wengine, ingawa nyumbani kwetu limeshakuwa zito. Baba hana habari nyingine anayoijali isipokuwa vita vya Ukraine. Usiku hukesha na redio yake ndogo akisikiliza Sauti ya Amerika, alfajiri huhamia DW, na mchana humkalisha mjukuu wake amsomee kwenye simu yaliyoandikwa na BBC. Ana daftari ambamo ameandika majina ya Bakhmut, Avdiivka, Pokrovsk na Kupiansk, na kila mji ameuchorea njia zake za reli kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa anashikilia kwamba jeshi la Urusi hutegemea treni, na kwamba atakayeitwaa Pokrovsk ni sawa na mtu aliyeitwaa Tabora: treni ya Mwanza itamwomba ruhusa, na ya Kigoma vilevile.

Siku hizi chakula hakimpiti, vidonge vya presha anavisahau, na akisikia kwamba droni zimerushwa usiku hatoki nje mpaka taarifa ya mchana isomwe. Nimefikiri kuificha redio na kusema kwamba imeharibika. Je, ni sawa? Ninyi mmewezaje kuwaachisha wazee wenu habari bila kuwavunjia heshima?

Mkulima wa Urambo

Usiifiche redio, ndugu yangu. Sisi wakulima wa tumbaku tulijifunza jiografia ya Ukraine bila kupenda, kwa sababu vita vilipoanza tarehe 24 Februari 2022, na Urusi ikiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, mfuko tuliouzoea ulitushinda bei kabla hatujajua hata Kyiv iko upande gani. Juni mwaka ule serikali ilianza kutoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali ya bei ya mafuta, na msimu wa 2022/23 ikaja mbolea ya ruzuku. Tangu hapo mimi husikiliza habari za bandari ya Odesa kuliko za mvua. Mzee wako ana shamba? Kama analo, basi ana haki zote za kukesha.

Mama Kasulu

Mwanangu, marahaba. Redio itoke chumbani usiku, lakini aitoe mwenyewe kwa kuombwa, si kwa kunyang'anywa. Vidonge vyake uviweke juu ya redio ile ile, na umwambie mjukuu asimsomee taarifa kabla babu hajameza. Marehemu mama yangu wakati wa vita vya Kagera alikuwa halali mpaka Radio Tanzania ifunge matangazo, na aliyekuwa akimtuliza si daktari, ni jirani aliyekuja kukaa naye tu. Je, wewe hukaa na baba yako anaposikiliza, au unasimama mlangoni ukihesabu betri anazomaliza? Kisha msali pamoja, kwa sababu nyumba isiyosali hujaa maneno ya redio.

Ng'ambo ya Ziwa

Mimi asili yangu ni Fizi, Kongo, na nusu ya ukoo wetu uko Nyarugusu tangu kambi ile ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1996. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, hatukulala, kwa hiyo ninaijua hali unayoieleza. Niseme jambo moja ambalo nimeliona kwetu: hakuna anayesikiliza kwa ajili ya majeshi. Shangazi yangu husikiliza kijiji kimoja tu. Kikitajwa anasimama, kisipotajwa anazima redio na kwenda kupika. Baba yako husimama kwa jina gani?

Mwana wa Buzebazeba

Ninawashukuru wote. Shamba hana, ana kiwanja kimoja tu, tena hicho kipo kwa jina langu. Kuhusu swali la ndugu wa Ng'ambo ya Ziwa, mzee husimama kwa majina yote. Naomba turudi kwenye redio.

Reli ya Kati

Hatutarudi kwenye redio mpaka utujibu. Nimefanya kazi stesheni za Tabora na Uvinza, na ninawafahamu wastaafu wetu: wakikaa kibarazani hujadili pensheni na injini za zamani, na vita vya Ulaya huvitaja pale tu MV Liemba inapotajwa, kwamba meli ile ililetwa na Wajerumani vipande vipande kutoka Papenburg kwa meli na reli, ikaunganishwa hapa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915, na mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe wasije Waingereza au Wabelgiji wakaichukua. Hayo hujadiliwa kwa kahawa na kicheko. Mzee anayechora reli za Donetsk kwa kalamu nyekundu saa nane za usiku ana mtu kule. Mtaje.

Mwana wa Buzebazeba

Nilikuja kuuliza habari za redio, si za familia, lakini kwa kuwa mmeshikilia, nitasema. Mdogo wangu wa mwisho yuko Urusi. Aliondoka mwaka 2023 kwenda kusoma, ada ikamshinda, akaniandikia mimi peke yangu kwamba amepata mkataba wa kulinda maghala, wenye mshahara mzuri na ahadi ya uraia. Ujumbe wa mwisho ulikuwa na picha, naye amevaa sare ambayo si ya mlinzi wa ghala. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Baba anajua kwamba kijana yuko darasani. Anajua hivyo kwa sababu mimi humwandikia kwa jina la mdogo wangu, kwa namba nyingine, nikimweleza mitihani na theluji. Tafadhali msikimbilie kunihukumu. Daktari alituonya kwamba mshtuko ni hatari kwake, na mimi ndiye ninayelala chumba cha pili, si ninyi. Isitoshe, yupo mtu Dar es Salaam ambaye ana mwenzake huko anayeweza kumtoa kijana katika mkataba. Anataka shilingi milioni nne za kuanzia, na mnunuzi wa kiwanja nimeshampata. Ndiyo maana nataka redio inyamaze kwa muda, ili nilimalize jambo hili kwa utulivu.

Mama Kasulu

Ee Mungu wangu. Umetuacha tupange vidonge juu ya redio kumbe nyumba inaungua! Kiwanja usikiuze. Nimerudia kusoma maandishi yako, na hakuna mahali uliposema kwamba mtu huyo wa Dar es Salaam amekuonyesha hata barua moja ya mdogo wako.

Kalunde wa Tabora

Mimi sitamlaumu mwanzisha uzi haraka hivyo. Babu yangu alichukuliwa na Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa vita vya pili vya dunia akapelekwa Burma, na bibi, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akipeleka barua zake kwa karani mmoja hapa Tabora ili asomewe. Karani yule alikuwa na huruma kupita kiasi. Palipoandikwa homa alisoma mafua, na palipoandikwa kwamba babu amepigwa risasi ya paja alisoma kwamba amepewa likizo. Kila barua alilipwa kuku. Bibi alilima, alikula na kulala usingizi wake, na wanawake wenzake waliokuwa wakisomewa kila kitu kama kilivyo walikonda. Vita vikaisha, babu akashuka kwenye treni akichechemea, na siku ya pili bibi akaenda kwa karani kudai kuku wake wote.

Mwana wa Buzebazeba

Dada Kalunde, ahsante sana. Umesema kile ambacho nimeshindwa kukieleza. Bibi alilala usingizi, na hilo ndilo ninalolitafuta kwa baba.

Kalunde wa Tabora

Umeishia pale ulipopapenda, kaka. Kuku walirudishwa, tena kwa baraza la wazee.

Mpima Maneno

Nimesoma uzi wote kwa makini, na naomba niwe mkorofi kidogo, kwa sababu mambo matatu yananikwaza. La kwanza, mwanzisha uzi anasema baba yake hukesha na Sauti ya Amerika, ilhali idhaa hiyo ilinyamaza Machi 2025 pale serikali ya Marekani ilipowasimamisha watumishi wake. Huyo mzee anasikiliza nini? La pili, mtu anayemficha baba yake siri kubwa kiasi hiki hawezi kuimwaga hadharani, akataja kazi aliyoifanya mzee na mtaa, kisha akategemea kwamba Kigoma nzima haitaisoma. La tatu ndilo zito. Kama mzee anaamini kwamba mwanawe yuko darasani, anachora reli za Pokrovsk kwa ajili ya nani? Mzazi wa mwanafunzi huuliza bei ya makoti. Ninahofia kwamba tumeletewa hadithi iliyoshonwa kutokana na habari za magazeti, na milango ya michango itafunguliwa hivi karibuni.

Mkulima wa Urambo

Mpima Maneno, umenitia wasiwasi, maana nilikuwa nimeshaanza kutafuta namba ya kutuma chochote. Ila mimi nimewahi kuanzisha uzi kuhusu panya wa ghalani na nikaambiwa pia kwamba panya wale ni wa kutunga.

Reli ya Kati

Kutunga kunawezekana, lakini jambo lenyewe si la kutunga. Januari 2023 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Stergomena Tax, alitangaza kifo cha kijana wetu aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, kisha akakubali kwenda vitani na Wagner, kundi la mamluki wa Kirusi, kwa ahadi ya kuachiwa huru, akafia Ukraine. Mwili wake ulirudishwa mwezi huo huo. Novemba 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Ukraine, Andrii Sybiha, alisema kwamba raia zaidi ya 1,400 kutoka nchi 36 za Afrika wanapigana upande wa Urusi, na Kenya peke yake ilisema kwamba zaidi ya watu wake 200 huenda wamejiunga. Kwa hiyo hata kama huyu si mkweli, kuna nyumba nyingine yenye redio kama hiyo.

Mwana wa Buzebazeba

Sikuomba mchango wa mtu na sitauomba. Kuhusu Sauti ya Amerika, wazee wa kizazi cha baba huita hivyo kila redio ya nje inayosema Kiswahili, na sitaanza kumsahihisha leo. Kuhusu kuandika hapa, baba hasomi majukwaa, na mtaa niliouandika si lazima uwe ndio ninaoishi. Kuhusu Pokrovsk, droni za Ukraine zimewahi kufika hata Moscow, kwa hiyo mzazi yeyote mwenye mwanafunzi kule ana sababu ya kuhofu.

Mpima Maneno

Moscow umeijibu vizuri. Mimi niliuliza Pokrovsk.

Ng'ambo ya Ziwa

Mwacheni kwanza, maana swali hilo litamjibu baba yake, si sisi. Ndugu, nisikilize kuhusu jambo la kufanya. Msalaba Mwekundu wana kazi ya kuwatafuta watu waliopotezana na jamaa zao vitani, na kwa vita hivi Kamati ya Kimataifa ina ofisi maalumu iliyoanzishwa mwaka 2022 kupokea majina ya waliotekwa, waliokufa na wasiojulikana walipo, kutoka pande zote mbili. Hawatozi hata senti moja. Hapa kwetu huduma hiyo inafahamika kambini; binamu yangu alipatikana kupitia kwao tulipokuwa tumeshakata tamaa. Hawatakuahidi kwamba watamtoa kijana katika jeshi, kwa sababu hiyo si kazi yao, na mtu yeyote anayekuahidi hivyo kwa milioni nne ujiulize kwa nini hajaombwa na mataifa yanayohangaika na suala hilo hilo. Halafu andika Wizara ya Mambo ya Nje, na Ubalozi wetu Moscow, ukieleza kila kitu pamoja na picha ile ya sare. Uwe na jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na tarehe ya mawasiliano ya mwisho.

Mwana wa Buzebazeba

Nitakwenda. Lakini mnunuzi wa kiwanja nimeshamwambia aje mwisho wa mwezi, na ninaona njia zote mbili zinaweza kwenda pamoja, kwa kuwa hizi za ofisi huchelewa.

Mama Kasulu

Mwambie mnunuzi asubiri. Ofisi ikichelewa, kiwanja hakitakimbia.

Ng'ambo ya Ziwa

Namba ya pasipoti unayo?

Mwana wa Buzebazeba

Nakala anayo baba. Ameihifadhi katika sanduku lake la bati, pamoja na lile daftari. Nitamwambia kwamba chuo kinaihitaji.

Mpima Maneno

Chuo kilichomsajili mwanafunzi wa kigeni bila kuiona pasipoti yake?

Mwana wa Buzebazeba

Basi nitamwambia ni benki.